Msimu Nilipokataa Kikapu cha Kokubanza

Jumatatu, 2 Juni 1958

Natangaza rasmi kwa wakazi wote wa nyumba hii, yaani mimi, mke wangu Klaudia na mbuzi wawili, kwamba leo asubuhi mkanda wangu umetobolewa tundu jipya. Shughuli imefanywa kwa msumari wa moto, mbele ya mashahidi. Mbuzi mmoja hakuhudhuria. Hili ni tundu la tatu tangu Pasaka, na ncha ya mkanda sasa inaning'inia kama ulimi wa mbwa aliyechoka.

Mwaka huu natimiza miaka hamsini, nami nimeona niandike msimu mmoja wa kahawa tangu mwanzo hadi mwisho, nisije nikaulizwa nilifanya nini duniani nikabaki kujikuna. Kwa asiyenijua: mimi ni Gamaliel Rugaibula, mpokeaji wa kahawa kwenye kituo cha chama cha ushirika, hapa kwetu Muleba. Mkulima akileta gunia natumbukiza mkono mpaka kiwiko, natoa punje moja ya chini kabisa, naiuma. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Jino likizama kimya, arudi nyumbani akaanike tena. Hakuna anayebisha. Meno yangu yanaheshimiwa kuliko mimi mwenyewe.

Wiki iliyopita nilikwenda Bukoba kwa shughuli zangu, nikarudi na vidonge vya tumbo. (Klaudia, ukisoma hapa, na najua utasoma: ni tumbo tu.)

Jumatano, 4 Juni

Vumbi. Magunia mengi. Taya zimelalamika.

Jumamosi, 7 Juni

Njia ya kwenda kituoni inapita uani kwa mjane Kokubanza, na hakuna apitaye pale bila kutia mkono kwenye kikapu chake. Kahawa ya kutafuna, amwani kama tunavyosema kwetu, kila nyumba inayo, lakini ya kwake ni nyingine. Anaichuma ikiwa bado mbichi, anaichemsha na majani yenye harufu anayoyajua mwenyewe, anaikausha taratibu juu ya moshi. Ukikaribishwa, yeye huchukua punje moja kwanza, akaitafuna huku anakutazama, ndipo akakusogezea kikapu. Hivyo ndivyo nyumba inavyosema kwamba haina ilichoficha. Nawe ukichukua umejibu kwamba umeamini. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko mizani yetu, na kuliko kanisa letu pia, ingawa mchungaji hapendi nikisema hivyo.

"Gamaliel," aliniambia leo, "umebaki shingo na kofia."

"Ni kazi, Mae." Mama yeyote wa rika la mama yako, kwetu ni Mae.

"Kazi ya kuuma kahawa? Basi mbuzi wa nchi hii wangekuwa wamekwisha."

Nikachukua punje tatu, nikaenda zangu nikicheka.

Jumatano, 11 Juni

Leo yamenipata mambo ambayo sijui jina lake. Ilikuwa saa nne na nusu. Nilikuwa nimeshika jiwe la mizani, watu wamepanga mstari mpaka barabarani. Ghafla moyo ukaanza kukimbia kama mtu anayefukuzwa. Jasho likanitoka, la baridi, nami nimesimama juani. Mikono ikatetemeka. Na hofu ikaja. Nimewahi kuogopa nyoka, nimewahi kuogopa ngurumo ziwani, lakini hofu hizo zilikuwa na kitu mbele yake. Hii haikuwa na kitu. Nilitazama uso wa kila mtu kwenye mstari kutafuta ni nani aliyekuja kuniua.

Rweyemamu, anayenishikia magunia na kunikejeli bila kuombwa, akauliza: "Mzee, ni mizani inayocheza au ni wewe?"

"Ni mizani."

"Basi ikomeshe, maana inatoa jasho."

Watu wakacheka. Nikaketi juu ya gunia. Saa sita nikanywa chai ya Rweyemamu, ambayo ni sukari iliyotiwa chai kidogo, na mambo yote yakaondoka kama yalivyokuja. Nikabaki na aibu. Mtu mzima, mzee wa kanisa, nimetetemeka mbele ya wakulima.

Ijumaa, 13 Juni

Salama.

Jumatatu, 16 Juni

Yamerudi. Saa nne vilevile. Nimejificha nyuma ya ghala nikashika ukuta.

Klaudia kila asubuhi ananifungia ndizi za kuchemsha kwenye jani la mgomba. Nami humpa mbwa wa Rweyemamu. Kwetu mtu mzima hali njiani, wala hali amesimama mbele ya watu, tena watu waliobeba magunia tangu alfajiri bila kutia kitu tumboni. Kutafuna amwani si kula. Basi mpaka saa saba mimi ni punje za Kokubanza tu, na zile ninazouma kwa kazi. Mbwa ananenepa.

Jumapili, 22 Juni

Leo ilikuwa zamu yangu kusoma somo kanisani. Ibada ilichelewa kuanza. Nimefika mstari wa tatu, herufi zikaanza kutembea. Jasho likadondoka kwenye kitabu. Niliona watu wote wanajua jambo langu fulani, ingawa mimi mwenyewe sikujua ni jambo gani. Nikafunga kitabu, nikatoka nje.

Mchungaji alinifuata baadaye. "Ndugu Gamaliel, kuna kitu kinakusumbua rohoni?"

"Ni tumbo, mchungaji."

Alinitazama kwa upole ulioniudhi. Wanakwaya wameshaamua kwamba nina dhambi kubwa, na wanabishana ni ipi. Nimesikia baadhi ya mapendekezo. Wananikadiria kuwa mtu mwenye nguvu sana.

Jumamosi, 28 Juni

Nimekaa nikafikiri. Hofu inakuja saa nne. Asubuhi kabla ya saa nne kinywani mwangu huingia kitu kimoja tu. Kinatoka kwa Kokubanza.

Nimeandika, nimekitazama, sikukifuta.

Nilimwambia Rweyemamu, kwa mzaha wa nusu. Hakucheka. Alisema, "Mama mwenyewe majani yale anayoyachemshia hajawahi kumwonyesha mtu." Rweyemamu ndiye niliyetarajia anicheke. Asiponicheka yeye, nimekwisha.

Alhamisi, 3 Julai

Niandike upesi kabla sijapamba.

Nilifika kwa Kokubanza na watu kama kumi nyuma yangu, wakielekea kituoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Akachukua punje, akatafuna, akanisogezea kikapu. Mkono wangu haukwenda.

"Leo hapana, Mae," nikasema. "Mimi bado nataka kuishi."

Nadhani nilitaka kusikika kama ninatania. Sikusikika hivyo.

Kokubanza hakushusha kikapu. "Nimetafuna mbele yako, Gamaliel. Unataka nitafune ngapi?"

Akachukua nyingine, akatafuna. Akachukua nyingine. Alitafuna taratibu, moja moja, kwa meno machache aliyo nayo, macho yake kwangu. Nilihesabu mpaka kumi na saba, nikageuka nikaondoka. Nyuma yangu sikusikia mtu yeyote akisema "nipe na mimi."

Ijumaa, 4 Julai

Wamepita uani kwake bila kusimama. Wote.

Jumatano, 9 Julai

Sijagusa kikapu chake siku sita. Leo saa nne hofu imekuja, kubwa kuliko zote, mpaka nimeketi chini.

Labda sumu hukaa mwilini. Nimesikia hukaa.

Jumatatu, 14 Julai

Wamekata njia mpya kupitia kibanja cha jirani, yaani shamba lake la migomba, ili wasipite kwake kabisa. Rweyemamu ndiye aliyefyeka.

Jumamosi, 19 Julai

Klaudia amekwenda kwa Kokubanza mchana kweupe, akaketi mlangoni ambapo kila mtu anamwona, akachukua punje za mkono mzima, akatafuna. Kisha akarudi kunipikia.

"Umenidhalilisha," nikasema.

"Nimetafuna kahawa, Tata. Kila siku watu hutafuna kahawa." Tata ni baba, ndivyo anavyoniita kwa heshima.

"Unajua ninachopata saa nne."

"Najua unatetemeka. Najua pia unaamka mara nne kwenda nje, na mtungi wa maji ninaoujaza jioni, asubuhi ni mkavu. Kokubanza ndiye anayekunywa maji yako?" Akakoroga chungu. "Wewe umeogopa, hukuona kitu, ukamwona mama wa watu."

Sikula. Baadaye nikala, baada ya yeye kutoka.

Jumanne, 22 Julai

Vumbi.

Jumamosi, 2 Agosti

Mjukuu wa Kokubanza, Alistidia, alikuwa amechumbiwa na watu wa Kamachumu. Walikuwa waje kumaliza maneno kabla ya mvua. Leo wametuma ujumbe kwamba wanaomba kwanza "kusubiri upepo utulie." Binti amelelewa nyumbani kwa bibi huyo, na mwenye kujua majani humfundisha mjukuu: ndivyo wanavyosema huko. Neno langu la mzaha wa nusu limetembea maili kumi na tano bila baiskeli.

Nimemkuta Alistidia kisimani. Akapiga goti kunisalimu kama siku zote. Nilitamani asingepiga.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwenda Bukoba. Ziwa limechafuka. Nimerudi.

Jumatano, 20 Agosti

Salama. Mawingu kidogo upande wa ziwa.

Jumanne, 26 Agosti

Salama. Kahawa ya wiki hii imekauka vizuri sana.

Jumapili, 31 Agosti

Nimesoma somo lote kanisani bila kutetemeka. Mchungaji amenishika mkono akasema maombi yamejibiwa. Nimemwachia aamini hivyo.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimeanguka. Nimeokotwa. Sitaki kuandika.

Jumatatu, 8 Septemba

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri. Klaudia, hapa usiruke ukurasa. Haya ndiyo yaliyotokea.

Mwezi wa Mei sikwenda Bukoba kwa shughuli. Nilikwenda kwa sababu sisimizi walikuwa wakipanga mstari nyuma ya migomba kila mahali nilipokojoa, na babu yangu aliwahi kuniambia dalili hiyo si njema. Hospitalini kuna dresa, msaidizi wa daktari, anaitwa Mustapha, mtu wa mjini, ana kofia ya kiua na subira nyingi. Alichemsha mkojo wangu na dawa ya buluu kwenye kichupa chembamba. Ukageuka rangi ya tofali.

"Mzee wangu, una ugonjwa wa sukari," akasema. Daktari akaandika vidonge. Mustapha akanieleza mara tatu, na mara ya tatu akataka nirudie maneno kama darasani: kidonge asubuhi, kisha chakula, saa nne chakula tena, usikose hata siku moja, maana kidonge kinateremsha sukari, na usipokula kitaiteremsha kupita kiasi. Nikarudia maneno yote bila kosa. Alinisifu.

Nikaja nyumbani nikameza kidonge, chakula nikampa mbwa. Kwa nini? Kwa sababu mpokeaji wa kahawa akionekana anakula saa nne, wataniuliza kwa nini. Ningelazimika kusema. Nilipendelea kuwa mtu aliyerogwa kuliko mtu mgonjwa wa mkojo. Aliyerogwa ana adui, na kuwa na adui kuna heshima yake.

Nitajitetea kidogo tu: Juni na Julai sikuunganisha kidonge na hofu. Mustapha alisema "utajisikia vibaya." Hakusema nitaogopa. Mimi nilidhani ugonjwa ni kitu cha tumboni na hofu ni kitu cha rohoni, na kwamba hao wawili hawajuani.

Lakini tarehe 15 Agosti sikwenda Bukoba kutazama ziwa. Nilimwambia Mustapha kila kitu: jasho, moyo, saa nne, hofu isiyo na kitu mbele yake. Akaniuliza, "Ulikuwa umekula?" Nikasema hapana. "Chai ya sukari inaimaliza?" Nikasema ndiyo, inaimaliza.

Akaweka kalamu chini. "Sikia, mzee. Sukari ikishuka mno, mwili unapiga mbiu ya vita. Moyo unakimbia, jasho linatoka, mikono inatetemeka. Si woga wako, ni mbiu. Sasa kichwa kinasikia mbiu, kinatazama huku na huku, hakioni adui. Hakiwezi kuvumilia hivyo. Kinamtafuta. Nimeona mtu amemfukuza mkewe kwa sababu hiyo hiyo. Na ukishaishi kwa wasiwasi, sukari nayo siku nyingine inapanda kwa wasiwasi huohuo, vinafukuzana kama watoto." Kisha akauliza, wala hakuwa na nia mbaya: "Wewe ulimpata nani?"

Nikasema, "Sikumpata mtu."

Nilirudi na jibu hilo kwenye basi, kutoka Bukoba mpaka Muleba. Tangu siku ile nimekuwa nikila ndizi zangu saa nne, nimejificha ghalani kati ya magunia, na hofu haikurudi. Kila "salama" niliyoandika humu ilikuwa ni ndizi. Basi tangu 15 Agosti nilijua, bila shaka yoyote, kwamba Kokubanza hana kosa, na nilipita ile njia ya Rweyemamu kwenda na kurudi siku ishirini. Niliandika habari za mawingu. Kila asubuhi nilisema nitasema kesho.

Alhamisi Rweyemamu alishinda ghalani akipanga magunia, nikakosa pa kujificha, sikula. Saa tano nikasema naumwa kichwa, nikaondoka. Miguu haikuweza njia ndefu. Ikanipeleka ya zamani yenyewe. Nilianguka uani kwa Kokubanza.

Siku hiyo alikuwa amekamua ndizi mbivu, yale maji yake matamu ambayo hayajawa pombe. Nikaona kibuyu mdomoni mwangu. Hakuonja kwanza. Hakukuwa na wakati.

"Kunywa au uogope," alisema. "Chagua."

Nikanywa. Dunia ikarudi kidogo kidogo: kwanza kigoda, kisha kuku, kisha uso wake.

"Ni nini hiki, Gamaliel?"

"Ni sukari, Mae. Ni ugonjwa. Tangu Mei."

"Tangu Mei." Akafuta kibuyu kwa kiganja. "Julai ulijua?"

"Julai sikuwa nimeelewa. Nilielewa Agosti."

"Leo ni Septemba," akasema. Angenitukana ningepata pa kushika.

Jumamosi nilipanda baiskeli mpaka Kamachumu. Klaudia, nilikuambia nakwenda kuona mabati. Nilikwenda kwa baba wa yule kijana. Nikamweleza yote, hata sisimizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniletea maji, akasema kwa adabu: "Umechelewa, waitu, ndugu yetu. Jumatano tulipeleka barua kwingine." Nikamsihi. Akasema barua ikishapokelewa imepokelewa. Nilirudi nikisukuma baiskeli hata penye mteremko.

Leo kituoni nilisimama juu ya mizani ili wa mwisho kwenye mstari anione. Sikusema vizuri. Nilisema kwamba nina ugonjwa wa sukari, kwamba kutetemeka kwangu ni njaa na kidonge, kwamba kahawa ya Kokubanza haijawahi kumdhuru mtu, na kwamba mimi nilijua hayo tangu katikati ya mwezi uliopita nikanyamaza kwa aibu. Sehemu hiyo ya mwisho nilitaka kuiacha. Rweyemamu alivua kofia, akaitazama ndani kama kuna kitu amekipoteza. "Mzee," akasema, "na mimi nilifyeka njia."

Tukaenda wote uani kwa Kokubanza, matope miguuni. Alikuwa kwenye kigoda. Rweyemamu alipiga goti, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Kokubanza akachukua punje, akatafuna, akamsogezea kikapu. Rweyemamu akachukua. Bibi akamsogezea wa pili, wa tatu, mpaka mstari wote. Mimi aliniruka.

"Mimi je, Mae?"

"Ni saa nne," akasema. "Wewe kwanza kula."

Basi nikafungua jani la Klaudia, nikala ndizi za kuchemsha nimesimama, mbele ya watu arobaini. Ndizi zilizopoa ni kavu, na wakati hakuna anayezungumza mtu husikia kutafuna kwake mwenyewe. Wengine walitazama miguu yao kwa adabu. Alistidia alikuwa mlangoni, amebeba kuni, naye hakutazama chini. Alinitazama mpaka nikamaliza. Nilimwonyesha bibi yake jani tupu, kama mtoto.

Kokubanza akachukua punje nyingine, akaitafuna akinitazama. Kisha akaweka kikapu juu ya kigoda, katikati yetu, akaenda kuchochea moto.

Hakunisogezea. Wala hakukiondoa. Kilikuwa karibu na mkono wangu kabisa, watu wananitazama, Rweyemamu ananikonyeza nichukue.

Sikuchukua. Nitapita tena kesho, kwa njia ile ya zamani, nikiwa nimekula.